Ile video yangu ya roboti haikuambii kila kitu



Kila baada ya siku chache napata meseji ya aina moja. Ya juzi ilitoka kwa dogo wa kidato cha tatu: "Bro, tuna mashindano ya roboti muhula ujao. Tununue magurudumu ya mekanamu ama ya kawaida? Niliona ile video yako, ikanibamba vibaya."

Video anayosema mnaijua. Sekunde 14. Roboti ndogo inaenda kando bila kugeuka, kama kaa wa baharini, halafu inazunguka papo hapo na kusimama mbele ya kamera. Ndiyo video yangu ya kwanza kutazamwa na watu nisiowajua, na bado ndiyo inaniletea wageni wengi hapa.

Dogo, nitakujibu, na nitakujibu na hesabu. Lakini kwanza kuna kitu hiyo video haisemi. Ile roboti ilicheza mechi nne siku iliyofuata na ikapoteza zote nne. Lawama ikamwangukia mtu ambaye hakustahili, nami nilikuwa hapo, nikajua, na bado nikamsukumia.

Wacha nianzie mwanzo.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Klabu yetu ya roboti ilikuwa na watu saba na meza moja. Mwenyekiti tulimwita Prezo. Msichana aliyechaguliwa kuendesha roboti tulimwita Dere, na hadi leo sijui kama alilipenda hilo jina. Alikuwa mdogo kuliko sisi wote na hakuwa mtu wa kelele.

Mashindano yalikuwa ya vyuo vichache, hapa Nairobi. Uwanja ulikuwa mabamba manne ya plaiwudi yaliyounganishwa, yakapakwa rangi. Mechi ni dakika mbili, roboti moja dhidi ya nyingine. Katikati kuna maboksi kumi na mawili, na kila boksi lililo kwenye eneo lako mechi ikiisha ni pointi. Kusukumana kunaruhusiwa mradi usimpindue mwenzako.

Hiyo sentensi ya mwisho irudie tena. Kusukumana kunaruhusiwa. Jibu la magurudumu lilikuwa hapo, ukurasa wa pili wa sheria, na mimi niliupita mbio kama matatu isiyo na abiria wa kushukisha.

Prezo alitaka magurudumu manne ya mpira, ya kawaida. Mimi nilitaka mekanamu.

Kama hujui mekanamu, hivi ndivyo inafanya kazi. Ni gurudumu lililobuniwa na mhandisi wa Uswidi, Bengt Ilon, miaka ya 1970. Badala ya mpira mzima, ukingo wake umezungukwa na rola ndogo zilizolazwa kwa pembe ya digrii 45. Unaweka manne, kila moja na mota yake. Yote yakizunguka mbele, roboti inaenda mbele. Lakini la mbele kushoto na la nyuma kulia yakizunguka mbele, na hayo mengine mawili yakirudi nyuma, roboti nzima inahama kwenda kulia bila kugeuza uso. Mara ya kwanza ukiona, unafikiri ni uchawi.

Sasa Dere akainua mkono. Baba yake hutengeneza mikokoteni Kariobangi.

"Mkokoteni unabeba magunia ya viazi toka Marikiti hadi Eastlands," akasema. "Na una magurudumu mawili peke yake. Mnajua ni kwa nini?"

Nikadakia: "Juu mwenyewe alikosa pesa ya hayo mengine mawili."

Watu wakacheka. Dere akangoja kicheko kiishe, kisha akaendelea na sauti ile ile.

"Juu ukiweka manne ya mpira hautageuka vizuri. Ukikata kona, ya mbele au ya nyuma lazima yakwaruze lami kwa ubavu. Mawili kwenye ekseli moja yanageuka bila ubishi."

Akachora. Magurudumu mawili ya mpira nyuma, ya kushika sakafu na kusukuma. Mawili ya omni mbele. Omni pia lina rola, ila zake zimekaa digrii 90: likienda mbele linashika kama gurudumu lingine, likisukumwa kando linateleza tu. Kwa hivyo roboti ingegeuka kwenye ekseli ya nyuma kama mkokoteni, na pua ingefuata bila kukwaruza. Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo ni njia inayotumiwa na timu nyingi tu huko duniani. Yeye aliitoa kwenye uwanja wa baba yake.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Roboti ya mkokoteni haitatrendi."

Tukapiga kura. Tano kwa mbili. Tulikuwa tumechanga elfu mbili kila mtu, jumla 14,000. Magurudumu manne ya mekanamu kutoka Uchina, na usafiri, na ushuru, yalikula 13,600. Tukabaki na mia nne na betri moja.

Mzigo ulichelewa. Mashindano yalikuwa Jumamosi, magurudumu yakafika Alhamisi jioni. Ijumaa tulishinda tukiyafunga, na mara ya kwanza tukayafunga vibaya. Yana ya kushoto na ya kulia. Ukiangalia roboti kutoka juu, rola zinafaa zichore umbo la X. Zetu hazikuchora kitu chochote cha maana, na roboti ilikuwa ikitetemeka mahali pamoja kama simu iliyo kwa mtetemo. Programu ilikubali saa tatu usiku.

Dere akaniambia, "Nipatie hata nusu saa niizoee kabla betri iishe."

Nikamwambia, "Dakika mbili tu, nishuti kitu kidogo."

Hizo dakika mbili zilikuwa saa moja na robo. Pembe hii, pembe ile, taa zizimwe, taa ziwashwe, rudia tena, kaa kidogo kivuli changu kimeingia. Sekunde 14 mnazoziona zilikula betri karibu yote. Dere alipata kama dakika kumi, kwenye vigae laini vya maabara, roboti ikiwa imeanza kuchoka. Kwenye plaiwudi hakuwahi kuiendesha hata mara moja hadi filimbi ya mechi ya kwanza.

Mechi ya kwanza, tatizo lilikuwa sakafu. Betri na vitu vizito tulikuwa tumeviweka nyuma, kwa hivyo pua ilikuwa nyepesi. Mabamba ya plaiwudi hayakukaa sawasawa, kwenye kiungo kulikuwa na kidaraja kidogo cha milimita chache. Mekanamu ikienda kando inahitaji magurudumu yote manne yaguse chini na yabebe uzito unaokaribiana. Moja likining'inia kidogo tu, hesabu inavunjika. Kila tulipovuka kiungo roboti ilipinda na kuelekea kwingine. Kwa mtu aliye kwenye viti ilionekana kama dereva amelewa.

Mechi ya pili tulikutana na roboti mbaya kuliko zote ukumbini. Fremu ya alumini ya dirisha, waya nje, magurudumu manne ya mpira. Ilitukuja ubavuni, ikatuegemea, ikatusukuma pamoja na maboksi yetu hadi eneo lao. Polepole, bila haraka, kama mtu anayesogeza friji afagie nyuma yake.

Hapa kuna hesabu ambayo ningependa mtu angenionyesha mapema. Rola ya mekanamu inazunguka yenyewe, kwa hivyo gurudumu haliwezi kusukuma kwa upande ambao rola inazunguka. Linasukuma kwa mshazari tu, kufuata urefu wa rola. Unapoenda mbele, nguvu ya kando ya kila gurudumu inafutwa na ya jirani yake, na inayobaki kuelekea mbele ni kama asilimia 71 ya ile gurudumu la mpira ule ule lingetoa kabla ya kuteleza. Roboti yetu ilikuwa na kilo 12. Chukua kwamba mpira unashika kiasi cha kuweza kusukuma sawa na uzito wenyewe: magurudumu ya kawaida yangesukuma kama kilo 12, mekanamu kama kilo 8 na nusu. Umepoteza karibu theluthi kabla hata mechi ianze.

Halafu ubavuni ni mbaya zaidi. Gurudumu la mpira ukilisukuma kwa ubavu linakataa hata mota ikiwa imezimwa, ni msuguano tu. Mekanamu inakataa kadiri mota inavyokataa. Adui akikuegemea kando, magurudumu yako yanaanza kuzunguka yenyewe, na wewe unaondoka.

Mechi ya tatu tulipoteza mapema, na mmoja wetu akauliza kwa sauti, "Kwani Dere amelala?"

Na mimi, niliyekuwa nimesoma kuhusu hayo magurudumu kuliko wote, niliyekuwa nimemnyima nusu saa, nikajibu: "Roboti iko poa. Shida ni dere."

Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, rimoti mkononi. Hakugeuka. Alicheza mechi ya nne, akaweka rimoti mezani, akakunja waya wa chaja vizuri kama kawaida yake, akaaga Prezo, akaenda kupanda matatu. Jumatatu alikuwa ametoka kwenye grupu ya WhatsApp ya klabu. Hakuna aliyemfuata kumuuliza. Tulisema ana hasira za karibu.

Wiki iliyofuata kitu kilinisumbua, nikaenda kuazima mizani ya ndoano kwa jamaa wa vyuma kuukuu. Nikafunga roboti kwenye mguu wa meza, mizani katikati, chini kipande cha plaiwudi. Nikaiendesha mbele hadi magurudumu yakaanza kuteleza, nikasoma. Mekanamu: kilo 6. Nikatoa mekanamu, nikafunga magurudumu manne ya mpira niliyoyapata kwenye droo: kilo 9.

Nilikuwa peke yangu maabara. Nilirudisha mizani na sikumwambia mtu. Jioni hiyo nikapandisha ile video.

Baadaye mnajua mengine. Mwaka wa pili niliacha chuo. Sio hadithi ya shujaa aliyekataa mfumo, tafadhali msinitag kwa hizo maneno. Karo ilishinda nyumbani, na mimi nilikuwa nimeanza kupata visenti vya kushuti. Kazi ya kwanza ya kulipwa niliipata kwa sababu mtu aliona roboti ikienda kando. Kwa hivyo kuna miezi keja yangu imelipwa na magurudumu yaliyomtoa Dere klabuni. Hilo nimelibeba kama miaka mitatu sasa, na kila meseji kama ya huyu dogo inalirudisha.

Sasa dogo, jibu lako. Mimi sina digrii, kwa hivyo usinichukulie kama nabii. Pima mwenyewe.

Kwanza, soma sheria uulize pointi zinatoka wapi. Kama mchezo ni wa kusukuma, ama mpinzani anaruhusiwa kukuegemea, nenda na mpira unaoshika. Kama mchezo ni wa kujipanga sawasawa mbele ya kikapu au rafu, na kusukumana kumekatazwa ama ni nadra, hapo mekanamu inalipa pesa yake. Ukikosea kwa sentimita tano unasogea kando, humalizi muda ukirudi nyuma na kuja tena. Mimi siichukii mekanamu. Ni gurudumu zuri sana ambalo nililinunua kwa sababu mbaya.

Pili, ijue sakafu. Mashindano mengine hutumia mikeka ya povu, mengine zulia, mengine plaiwudi kama yetu. Tafuta kipande cha ile ile na ujaribu hapo, si kwenye vigae vya maabara. Kama kuna viungo au vumbi, kumbuka rola ndogo hukusanya uchafu, na gurudumu lisilogusa chini halikusaidii. Na uzito uweke katikati, magurudumu yote yabebe.

Tatu, kipenyo. Watu wanabishana aina ya gurudumu na kusahau ukubwa wake. Mota ikizungusha gurudumu mara 300 kwa dakika, lenye kipenyo cha milimita 100 linakupeleka kama mita 1.57 kwa sekunde. La milimita 75 linakupeleka kama mita 1.18. La kubwa lina mbio, la dogo linasukuma kwa nguvu zaidi kwa mota ile ile. Hakuna la bure. Uwanja ukiwa mfupi, mbio nyingi ni za kugonga ukuta tu.

Nne, kugeuka. Magurudumu manne ya mpira kwenye roboti ndefu na nyembamba yatakutesa kwenye kona. Dawa ziko mbili ninazozijua. Ya kwanza ni ya Dere: mpira nyuma, omni mbele. Ubaya wake ni kwamba pua ikisukumwa kando inaenda, kwa hivyo dereva ajifunze kutomwonyesha adui ubavu wa mbele. Ya pili ni kuweka magurudumu sita, yale ya katikati yashuke chini milimita mbili au tatu kuliko mengine, ili wakati wowote roboti inasimama kwa manne tu, tena yaliyokaribiana. Inageuka rahisi na bado inashika.

Tano, na hii ndiyo ningeiweka ya kwanza kama ningekuwa na ujasiri: hesabu saa za dereva. Magurudumu yatafika lini? Betri ziko ngapi? Toa siku za kufunga, toa siku za programu kukataa, kisha uone dereva wako amebakiwa na saa ngapi. Kama ni dakika kumi, hujanunua magurudumu ya mashindano. Umenunua ya video.

Kuna mashindano ya kimataifa ya shule za upili, FIRST Global, ambapo kila nchi hutumiwa kisanduku cha vifaa vile vile. Nchi zaidi ya mia moja, vifaa vile vile, na bado roboti zinazotokea hazifanani. Hiyo huniambia kwamba tofauti inakaa kwa watu waliozunguka meza: nani aliongea, nani alisikizwa, nani alipewa muda wa kuzoea.

Kabla niandike haya nilimwomba Prezo namba ya Dere. Nikamtumia meseji ndefu. Nikamweleza mizani, kilo 6 na kilo 9, ile saa moja na robo, na maneno yangu ya mechi ya tatu. Nikamwomba msamaha na nikamuuliza kama naweza kuiandika bila jina lake.

Siku mbili kimya. Kisha akajibu: "Nilishasahau hiyo story."

Dakika chache baadaye, meseji ya pili: "Sijasahau."

Ya tatu ikachelewa kidogo. "Andika. Lakini weka bei. Mtoto wa shule anafaa aone bei kabla aone video."

Basi dogo, bei ndizo hizi. Mekanamu, seti ya nne hadi ikanifikia mkononi: 13,600. Mpango wa Dere, mpira mawili na omni mawili, tulikuwa tumeuliza bei mjini: 5,200. Ukitoa hiyo kwa 14,000 inabaki 8,800. Ilikuwa inatosha betri ya pili.